FreeBSD na kifaa kinachogoma: kutoka dalili hadi chanzo

Mtu anapoweka FreeBSD, mfumo endeshi huria wa jamii ya Unix, kwenye kompyuta mpakato kisha Wi-Fi ikagoma, kwa kawaida hutoa hukumu moja tu: mashine hii haikubali FreeBSD. Hukumu hiyo haimsaidii, kwa sababu inachanganya hali tatu ambazo dawa zake hazifanani hata kidogo. Huenda kerneli, yaani kiini cha mfumo, haikioni kifaa kabisa, pengine kwa kuwa kimezimwa au kimefichwa na mipangilio ya BIOS. Huenda inakiona, lakini hakuna kiendeshi, yaani draiva, kilichojitokeza kukishika. Au kiendeshi kimekwisha kukishika, ila kinashindwa kukifanyisha kazi kwa kukosa programu dhibiti (firmware) au kwa kutolingana na toleo la kerneli iliyopo. Maelezo yanayofuata yanahusu matoleo ya 14, ambayo la kwanza lake lilitoka Novemba 2023, na yanamchukulia msomaji kuwa anaweza kuingia kama root, mtumiaji mwenye mamlaka yote, na kuhariri faili.

Iulize kerneli kwanza

Kabla ya kutafuta ushauri popote, andika amri hii na usome majibu yake taratibu:

pciconf -lv

Kila kifaa kilichounganishwa kwa njia ya PCI kitaorodheshwa kwa mistari kadhaa. Hii hapa ni sehemu ya majibu kutoka kwenye mashine ya mtumba niliyoletewa na mwanafunzi mmoja aliyekuwa amekata tamaa na Wi-Fi yake:

none1@pci0:2:0:0: class=0x028000 rev=0x01 hdr=0x00 vendor=0x14e4 device=0x4365
    vendor = 'Broadcom Inc. and subsidiaries'
    device = 'BCM43142 802.11b/g/n'
    class = network

Neno la kwanza kabisa ndilo lenye habari. Likiwa none na namba pembeni yake, maana yake ni kwamba kerneli inakiona kifaa lakini hakuna kiendeshi kilichokishika. Kama pangekuwa na iwm0, iwlwifi0, em0 au re0, tungejua kwamba kiendeshi kimepatikana na tatizo liko mbele zaidi. Na kama kadi ya Wi-Fi isingekuwepo kwenye orodha hata kwa jina la none, tungerudi nyuma: kwenye BIOS, kwenye swichi ya pembeni ambayo baadhi ya mashine za zamani zinayo, au kwenye kadi yenyewe iliyolegea ndani ya tundu lake. Namba mbili za vendor na device ni kitambulisho bora cha kifaa kuliko jina lolote lililobandikwa kwenye kasha. Ukitaka kutafuta msaada popote, tafuta kwa namba hizo.

Kwa vifaa vya USB amri ni usbconfig. Ujumbe wa kuwaka kwa mashine umehifadhiwa kwenye /var/run/dmesg.boot, na moduli zilizopakiwa, yaani vipande vya kerneli kama viendeshi, huonyeshwa na kldstat. Ipo pia amri ya devmatch, ambayo hulinganisha vifaa visivyoshikwa na moduli zilizomo kwenye mfumo, kisha ikataja inayofaa kama ipo. Ikinyamaza huku kifaa kikiwa bado none, basi mara nyingi kiendeshi hakimo kwenye mfumo wa msingi, na itabidi kitafutwe kwenye vifurushi au kadi ibadilishwe.

Flashi ya usakinishaji haiwaki, au diski haionekani

Mashine ikikataa kuanza kutoka kwenye flashi, hakikisha kwanza kwamba umeandika faili la memstick, ambalo ndilo lililotengenezwa kwa ajili ya flashi, na kwamba alama yake ya SHA512 inalingana na iliyochapishwa pamoja nalo. Faili lililopakuliwa kwa intaneti inayokatikakatika huharibika mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Baada ya hapo zima Secure Boot, kwa kuwa FreeBSD haina saini ambayo kipengele hicho hukagua.

Dalili inayopoteza muda wa watu zaidi ni ile ya kisakinishi kuwaka vizuri, kisha kikafika kwenye hatua ya kuchagua diski na kuonyesha flashi peke yake. Mimi mwenyewe nilipoteza jioni mbili nikibadilisha kebo na kujaribu diski nyingine, kumbe diski ilikuwa nzima muda wote. Kompyuta nyingi zenye kichakato cha Intel hutoka kiwandani zikiwa zimewekwa kwenye hali inayoitwa RAID au RST, ambayo huificha diski ya NVMe nyuma ya kidhibiti kingine. Ingia kwenye BIOS, tafuta mipangilio ya hifadhi, ubadilishe iwe AHCI. Tahadhari moja: kama Windows ingali ndani ya diski hiyo na unataka kuitunza, haitawaka baada ya mabadiliko hayo mpaka uiandae mapema kwa kuiwasha katika hali salama mara moja.

Wi-Fi

Hapa ndipo penye malalamiko mengi, na ni haki yawe mengi, kwa sababu viendeshi vya Wi-Fi vimekuwa sehemu dhaifu ya FreeBSD kwa miaka mingi. Tuanze na dalili ya kwanza, ambayo ni ya kadi yenye none. Ikiwa ni Broadcom kama ile ya hapo juu, ushauri wangu ni kutopigana nayo. Viendeshi vya bwi na bwn vinahudumia chipu za zamani za kampuni hiyo, na BCM43142 haimo. Kufungua mfuniko wa mashine na kuweka kadi ya Intel ya mtumba ni kazi ya dakika 20, ingawa lazima uthibitishe kwanza kwamba BIOS ya mashine yako haina orodha ya kadi inazozikubali, kwani baadhi ya watengenezaji huzikataa kadi za nje kwa makusudi na mashine hugoma kuwaka kabisa.

Dalili ya pili ni ya kadi ya Intel inayoonekana kama iwlwifi0 huku dmesg ikilalamika kwamba faili la programu dhibiti halikupatikana. Programu dhibiti ni ile inayoendeshwa ndani ya kadi yenyewe, na bila hiyo kiendeshi hakina la kufanya. Tangu toleo la 14.0 ipo amri ya fwget, ambayo huangalia vifaa vyako na kusakinisha vifurushi vinavyovihusu. Ukiiandika fwget -n itakutajia tu vifurushi bila kugusa kitu. Tangu 14.2 kisakinishi nacho hujitolea kufanya kazi hiyo mwishoni mwa usakinishaji.

Utauliza: nitapakuaje programu dhibiti ya Wi-Fi wakati Wi-Fi yenyewe ndiyo haipo? Chukua simu ya Android yenye bando, iunganishe kwa kebo ya USB, uwashe kipengele cha kugawa intaneti kwa USB kilichomo kwenye mipangilio ya simu. Kisha andika:

kldload if_urndis
dhclient ue0

Kiunganishi kitajitokeza kwa jina la ue0 na utakuwa na intaneti papo hapo. Njia hii imeniokoa mara nyingi mno kiasi kwamba siku hizi sianzi kusakinisha mashine yoyote kabla sijahakikisha simu ina chaji na kebo yake inapitisha data, maana kebo nyingi za bei rahisi zina nyaya za umeme peke yake.

Dalili ya tatu huwachanganya wanaotoka Linux. Kadi imeshikwa, programu dhibiti ipo, lakini ifconfig haionyeshi kitu chochote cha Wi-Fi. Hilo si kosa. Katika FreeBSD kadi halisi haitumiwi moja kwa moja, bali huundwa kiunganishi cha wlan0 juu yake. Majina ya kadi zilizopo hutajwa na sysctl net.wlan.devices, na mistari ya kuweka kwenye /etc/rc.conf ni hii:

wlans_iwlwifi0="wlan0"
ifconfig_wlan0="WPA SYNCDHCP"

Jina na nywila ya mtandao huandikwa kwenye /etc/wpa_supplicant.conf. Kosa la kawaida hapa ni kuandika wlans_iwlwifi0 wakati kadi imeshikwa na iwm0, kisha mtu akashangaa kwa nini kila kitu kiko kimya.

Dalili ya nne: simu inauona mtandao wa nyumbani, kompyuta inaiona mitandao ya majirani lakini wa nyumbani haiuoni. Angalia ruta iko kwenye chaneli ya ngapi. Kwa kawaida FreeBSD hufuata kanuni za Marekani mpaka uibadilishie nchi, na kanuni hizo haziruhusu chaneli ya 12 na ya 13 kama inavyoruhusiwa kwingi duniani. Njia nyepesi ni kuihamishia ruta kwenye chaneli ya 1, 6 au 11.

Dalili ya tano ni kasi ndogo. Kiendeshi cha iwlwifi kiliingia kwenye mfumo mwaka 2022 pamoja na toleo la 13.1, na kwa muda mrefu kilitumia kanuni za zamani za 802.11a na g, hivyo hata kadi ya gharama kubwa ilikwama chini ya megabiti 54 kwa sekunde. Uwezo wa 802.11n na ac ulikuja na toleo la 14.3 la Juni 2025. Kama una toleo la chini ya hapo, usiipekue mipangilio yako ukitafuta kosa, pandisha toleo. Anayehitaji kasi kamili kwa kadi ambayo Linux inaiendesha vizuri anaweza pia kutumia kifurushi cha wifibox, ambacho huendesha Linux ndogo ndani ya mashine pepe ya bhyve na kuikabidhi kadi hiyo, mradi kichakato na BIOS viruhusu kifaa kukabidhiwa mashine pepe.

Kuhusu vile vidude vya Wi-Fi vya USB: vyenye chipu za RTL8188EU na RTL8192CU hushikwa na kiendeshi cha rtwn bila makeke. Lakini nunua chipu, usinunue kasha. Niliwahi kununua viwili vya aina moja, rangi moja na duka moja, na usbconfig ikaonyesha kwamba ndani yake mna chipu mbili tofauti, moja ikiwa haina kiendeshi.

Mtandao wa kebo unaokatika

Dalili ni ujumbe wa re0: watchdog timeout unaojirudia kwenye /var/log/messages, hasa faili kubwa linapohamishwa. Hii ni kadi ya Realtek, na dawa ambayo wengi huitumia ni kusakinisha realtek-re-kmod kisha kuweka mistari miwili kwenye /boot/loader.conf:

if_re_load="YES"
if_re_name="/boot/modules/if_re.ko"

Mstari wa pili ukisahauliwa, kitapakiwa kiendeshi kilekile cha mwanzo na utadhani dawa haikufanya kazi.

Skrini

Mfumo mpya wa FreeBSD huonyesha maandishi tu, na hiyo ni kawaida. Kwa picha zenye kasi kwenye Intel na AMD unahitaji kifurushi cha drm-kmod, programu dhibiti ya kadi ambayo fwget huileta, na mtumiaji wako awemo kwenye kundi la video:

pkg install drm-kmod
sysrc kld_list+=i915kms
pw groupmod video -m jina_lako

Kwa AMD za karibuni, i915kms hubadilishwa na amdgpu. Usiziweke moduli hizi kwenye /boot/loader.conf, hata kama umeona maelezo ya zamani yanayosema hivyo, kwa sababu hupakiwa mapema mno na mashine inaweza kuganda.

Sasa tuje kwenye dalili ambayo huwapata watu waliokwisha kustarehe. Mashine ilikuwa nzuri kwa miezi, mwenyewe akapandisha toleo kutoka 14.1 kwenda 14.2, tuseme, na baada ya kuwasha upya mazingira ya picha hayaji. Kwenye dmesg kuna maneno haya:

KLD i915kms.ko: depends on drmn - not available or version mismatch
linker_load_file: /boot/modules/i915kms.ko - unsupported file type

Chanzo si kadi. Moduli za drm hazimo kwenye mfumo wa msingi. Hujengwa pembeni kama vifurushi, na vifurushi vya kawaida hujengwa kwa kufuata toleo dogo la zamani zaidi ambalo bado linahudumiwa. Toleo jipya likitoka, lililotangulia huendelea kuhudumiwa kwa takribani miezi 3, na katika kipindi hicho moduli iliyomo ghalani ni ya kerneli ya jana. Tangu 14.2 kuna ghala la pekee linaloitwa FreeBSD-kmods ambalo hujengwa kwa kila toleo dogo peke yake. Angalia kwa pkg -vv kama mashine yako inalitumia. Mara nyingi mtu aliyebadilisha mipangilio ya pkg zamani huwa amelikosa bila kujua. Likiwepo, pkg upgrade -f drm-61-kmod inatosha, au jina lolote linaloonyeshwa na pkg info. Lisipokuwepo, jenga moduli mwenyewe kutoka kwenye ports, yaani mkusanyiko wa maelekezo ya kujengea programu, ukiwa na msimbo wa kerneli ileile kwenye /usr/src.

Mbaya zaidi ni pale moduli inapopakiwa kisha ikaiangusha kerneli, mashine ikawa inajiwasha upya bila kikomo. Hapo bonyeza 2 kwenye menyu ya mwanzo ili uingie katika hali ya mtumiaji mmoja, kisha:

mount -u /
zfs mount -a
sysrc kld_list-=i915kms

Mstari wa zfs unawahusu waliosakinisha kwa mfumo wa faili wa ZFS tu. Hao pia wana njia nyingine nzuri zaidi: wakiwa wametengeneza nakala ya mfumo kwa bectl create kabla ya kupandisha toleo, wanaweza kuichagua nakala hiyo kwenye menyu ileile na kurudi walikotoka ndani ya dakika moja.

Kuna swali la umri pia. Kifurushi cha drm-61-kmod kimetokana na viendeshi vya Linux 6.1, iliyotoka Desemba 2022. Chipu ya picha iliyoingia sokoni mwaka mmoja baadaye haiwezi kutegemea mengi kutoka humo. Ndiyo maana kompyuta ya miaka minne au mitano iliyopita mara nyingi hufanya kazi vizuri kuliko mpya, na anayenunua mtumba, kwa mara moja, ndiye mwenye bahati.

Wenye NVIDIA wasihangaike na drm-kmod. Wao hutumia nvidia-driver na moduli ya nvidia-modeset, ila kadi za kizazi cha Kepler zinahitaji nvidia-driver-470, kwa kuwa matoleo ya baadaye yaliziacha.

Sauti ipo lakini haisikiki

Fungua cat /dev/sndstat. Utakuta orodha ya pcm0, pcm1 na kuendelea, na mmoja wao umeandikwa default. Mara nyingi huo ni wa HDMI, kwa hiyo sauti inatumwa kwenye runinga isiyokuwepo. Ukiona kwamba spika za ndani ni pcm1, andika sysctl hw.snd.default_unit=1, kisha uweke mstari huohuo bila neno sysctl kwenye /etc/sysctl.conf. Funga kivinjari na ukifungue upya, kwa sababu kilichokwisha kufunguliwa hung'ang'ania kifaa cha mwanzo. Maikrofoni ya ndani kwenye kompyuta mpya za Intel ni habari nyingine: imeunganishwa kupitia kichakato cha sauti ambacho snd_hda haikifikii, na tiba ya kweli ni vifaa vya masikioni vya USB.

Padi ya kugusa, na mashine isiyoamka

Padi ya kugusa ikiwa kimya, tazama dmesg kama kuna kiendeshi cha psm, hms au hmt. Kwenye mashine nyingi za karibuni padi imeunganishwa kwa I2C, na inahitaji moduli za ig4 na iichid, ambayo imo ndani ya mfumo tangu 13.0.

Kuhusu kulala, swali la kwanza ni kama mashine inaijua hali ya S3, yaani usingizi ambao kumbukumbu peke yake hubaki na umeme. Amri ya sysctl hw.acpi.supported_sleep_state itakujibu. S3 isipotajwa, mashine imetengenezwa kwa ajili ya usingizi wa kisasa wa Windows. Baadhi ya ThinkPad zina kipengele kwenye BIOS cha kuchagua usingizi wa Linux, na hicho ndicho huirudisha S3. Ikitajwa lakini skrini ikabaki nyeusi baada ya kuamka, hakikisha moduli ya drm imepakiwa kabla ya kulala.

Kukagua mashine kabla ya kulipa

Mengi ya yaliyotajwa hapa yangeepukwa dukani. Chukua flashi ya memstick, uombe kuwasha nayo mashine unayotaka kuinunua, uchague mfumo hai badala ya kusakinisha, uingie kama root bila nywila, kisha uandike pciconf -lv. Piga picha ya skrini kwa simu, upitie namba za kadi ya Wi-Fi na ya picha huku muuzaji akihudumia wengine. Wale niliowahi kuwafanyia hivyo Kariakoo walinitazama kwa mashaka mara ya kwanza. Ya pili walinisaidia kubonyeza F12.

Kifaa kikigoma baada ya hatua zote, ripoti ya hitilafu inayofaa kutumwa kwenye Bugzilla ya mradi iwe na matokeo ya uname -a, ya pciconf -lv na ya kldstat, pamoja na dmesg iliyochukuliwa baada ya kuwasha kwa boot -v. Ongeza sentensi moja inayosema kifaa kiliacha kufanya kazi baada ya badiliko gani, kama kiliwahi kufanya kazi.